Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mwananchi wa Moshi na serikali yake, kuanzia mtaani

Ukikaa kijiweni Pasua, au ukiwa kwenye Hiace ya Kibosho inayosubiri kujaa, siasa haikosi. Tatizo ni kwamba mazungumzo yanapanda moja kwa moja hadi Dodoma, kana kwamba kati ya mlango wako na Bunge hakuna kitu. Kipo, na ndicho kinachoamua kama mtaro wenu utazibuliwa na kama hela ya choo cha shule ilijenga choo. Maswali haya yanatoka kwa majirani, wapangaji, wazazi wa wanafunzi na wastaafu waliorudi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo mlimani. Majibu ni ya mwananchi kwa mwananchi. Mwenye kesi mahakamani amtafute wakili.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, nani ni nani?

Mwenyekiti tunamchagua sisi, kila baada ya miaka mitano. Halipwi mshahara, anapata posho tu, nayo mara nyingi ni ya kusikitisha. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri: ana mshahara, ana bosi, na anaweza kuhamishwa wakati wowote. Mkutano ukiitishwa, mwenyekiti anaongoza na mtendaji ni katibu. Yeye ndiye anayeandika muhtasari na kutunza mafaili.

Kwa wanaoishi Uru, Kibosho au Marangu ngazi zinaongezeka kidogo. Kuna mwenyekiti wa kitongoji, juu yake mwenyekiti wa kijiji na halmashauri ya kijiji, pamoja na mtendaji wa kijiji. Kata ni ile ile mjini na vijijini: diwani wa kuchaguliwa, mtendaji wa kata wa kuajiriwa, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake.

Tofauti hii ina faida ya kila siku. Ukitaka kujua kwa nini jambo liliamuliwa, muulize mwenyekiti. Ukitaka karatasi yenye uamuzi huo, nenda kwa mtendaji. Watu wanapoteza wiki nzima wakimfuata mwenyekiti kwa karatasi ambayo haijawahi kukaa kwake.

Balozi wa nyumba kumi naye ni serikali?

Hapana. Ni kiongozi wa shina la CCM. Enzi za chama kimoja chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, na mazoea yamebaki ingawa vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Bado kuna ofisi zinazokwambia "anza kwa balozi wako", na bado balozi anasuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mbuzi waliokula mahindi, mara nyingi kwa busara kubwa. Ukitaka kumshirikisha kama mzee wa jirani, mshirikishe. Ila huduma ya serikali haiwezi kunyimwa mtu kwa sababu hana barua ya balozi, wala kwa sababu hana kadi ya chama chochote.

Nikiomba barua ya utambulisho naambiwa nitoe elfu tano. Ni halali?

Omba risiti. Malipo halali ya serikali siku hizi yanakuja na kontroo namba au risiti ya mashine. "Hela ya wino" na "hela ya karatasi" hazina kontroo namba. Hakuna haja ya kugombana, sema tu, "Mtendaji, naomba risiti, naidai kazini." Mara nyingi bei huanguka yenyewe.

Mkutano wa mtaa una faida gani? Mimi nina kazi zangu.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mambo mengi yanaanzia hapa.

Kura unapiga mara moja kwa miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji, kisheria, unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mijini nako watu wamezoea kudai wa mtaa kila robo. Ni mkutano wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Hauhitaji kadi wala mwaliko, na hapo ndipo unakaa mita chache kutoka kwa mtu aliyetumia hela yako na kumuuliza kwa mdomo wako mwenyewe. Bungeni huwezi. Hata kwenye Baraza la Madiwani huwezi: vikao vyake viko wazi na una haki ya kwenda kukaa kusikiliza, lakini wasemaji ni madiwani.

Sasa angalia mkutano wenyewe unavyokwenda. Uwanja wa shule ya msingi. Meza moja ina kitambaa, viti vya plastiki ni vya wajumbe, wananchi wamebanana kwenye kivuli cha mgrevilea na wengine wamekalia matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Saa nne iliyotangazwa imekuwa saa sita kasoro. Ajenda zinasomwa: kufungua, muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, ulinzi na usafi, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo. Yatokanayo peke yake yanakula saa nzima, kwa sababu mzee mmoja hajamaliza suala la mfereji uliozibwa na jirani yake. Ikifika zamu ya fedha, wenye watoto wameondoka na wenye biashara wameondoka. Taarifa inasomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, na makofi yanapigwa kabla watu hawajajua wamepigia nini.

Dawa yake ni ndogo. Mwenyekiti anapouliza kama ajenda zimekubaliwa, hapo hapo mwanzoni, nyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Naomba taarifa ya fedha itangulie yatokanayo, maana wengi wetu tuna udhuru." Ni ombi la utaratibu, halimshtaki mtu, na atakayelikataa atalazimika kueleza kwa nini. Mkiwa wawili watatu mliokaa sehemu tofauti na wote mkaunga mkono, limepita.

Ikisomwa, sikiliza kwanza baki la robo iliyopita, maana hesabu isiyoanza na baki haina mguu. Kisha tega sikio kwenye maneno mawili: "vifaa mbalimbali" na "matumizi mengineyo". Hapo ndipo pa kusimama. Saruji ina idadi ya mifuko na bei, fundi ana siku alizofanya kazi, lakini vifaa mbalimbali havina sura. Uliza ni vifaa gani, vilinunuliwa wapi, risiti iko kwa nani. Uliza pia hela inakaa akaunti gani na nani wanatia saini. Mwisho omba taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Mbao nyingi zina ratiba ya chanjo iliyopauka na tangazo la mbuzi aliyepotea, nafasi ipo ya kutosha.

Na lugha. Anayekuja akifoka hupewa jina la mpinga maendeleo kabla hajamaliza sentensi, na swali lake hufa naye. Uliza tarakimu, usitaje tabia ya mtu. Wazee wa mlimani waliounda chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933, waliusimamisha ushirika juu ya mizani na hesabu. Sisi wajukuu zao tunasikia "vifaa mbalimbali" tunapiga makofi. Kwa kweli inaudhi.

Kwetu mkutano hauitishwi kabisa. Tufanyeje?

Barua, na iwe na saini za wengi. Iandikwe kwa mwenyekiti kupitia kwa mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Isiwe ndefu: mkutano wa mwisho ulifanyika lini, tunaomba uitishwe, ajenda ni hizi. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua yako haijawahi kuwepo.

Kama unachotaka ni taarifa, mfano muhtasari au hesabu za mradi, itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kuna taarifa zilizozuiliwa, za usalama wa taifa kwa mfano, lakini hesabu za tangi la maji la kijiji si siri ya jeshi.

Inasaidia pia kukumbuka kwamba vyombo hivi havikudumu vyenyewe. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, mambo yote yakasimamiwa na mikoa, na zikarudi kwa sheria za 1982 zilizoanza kufanya kazi 1984. Ibara za 145 na 146 za Katiba zinasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Mchango wa barabara au wa shule ni lazima?

Mchango mliokubaliana kwenye mkutano, ukaandikwa kwenye muhtasari, ni makubaliano yenu, na ni vizuri kuutoa. Lakini ili mtu apigwe faini au akamatiwe mali, lazima iwepo sheria ndogo. Ya kijiji inapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kisha inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mgambo akija kuchukua kuku wako kwa sababu ya mchango, muulize kwa upole ni sheria ndogo ipi. Kama hana jibu, andika jina lake, saa na mashahidi.

Shuleni ni jambo jingine. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, ikafika kidato cha tano na sita mwaka wa fedha 2022/23. Ada imefutwa, michango ya hiari ipo, na ina utaratibu wa vibali. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa hela ya mlinzi. Ikitokea, anza kwa mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule, halafu ofisi ya elimu ya halmashauri. Wazazi wengi wanaruka kamati ya shule, na ni kosa, kwa sababu hao ni wazazi wenzao waliowachagua wenyewe.

Barabara yetu imekuwa handaki. Diwani amelala?

Pengine amelala, lakini hana greda. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA. Barabara kuu kama ya kwenda Arusha au Holili ni za TANROADS. Maji ya mjini ni MUWSA, vijijini kwa kiasi kikubwa ni RUWASA iliyoanza 2019 pamoja na vyombo vya watumia maji. Umeme ni TANESCO. Diwani anaweza kubanana nao kwenye vikao na kuisukuma barabara yenu iingie kwenye mpango, na hapo ndipo pa kumpima: je, iko kwenye mpango wa mwaka huu au haimo? Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla. Anayekuja kulalamika Mei, bajeti ikiwa tayari Bungeni, amechelewa basi.

Kati ya meya, mkurugenzi na mkuu wa wilaya, nani mkubwa?

Meya anachaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na ndiye mtendaji mkuu mwenye mafaili, watumishi na hundi. Mkuu wa wilaya naye anateuliwa na Rais. Anamwakilisha na ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kwenye karatasi, Baraza la Madiwani ndilo lenye kauli ya mwisho katika mambo ya halmashauri. Kwa vitendo, mtu uliyemchagua anamsimamia mtu ambaye hawezi kumfukuza. Kwa maoni yangu hapo ndipo panapovuja: Manispaa ya Moshi ina kata 21, kila kata na diwani wake, lakini mwenye ufunguo wa kasha haombi kura kwa mtu.

Mkuu wa wilaya anaweza kuamuru niwekwe ndani?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe, kwa muda usiozidi saa 48. Masharti yake ni mazito kuliko inavyodhaniwa: lazima aamini kuna hatari ya kuvunjika kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine, na sababu ziandikwe. Saa 48 zikiisha bila mtu kufikishwa mbele ya hakimu, anaachiwa, na hashikwi tena kwa sababu ile ile. Kuuliza swali mkutanoni, hata swali linalokera, si uvunjifu wa amani. Kuchelewa kikao pia si uvunjifu wa amani, ingawa nchi hii tumeona watumishi wakiwekwa ndani kwa hilo.

Mimi ni mpangaji. Kwa nini LUKU yangu inakatwa kodi ya jengo?

Kwa sababu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakusanywa kupitia umeme, na mashine haijui nani mwenye nyumba. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mjini ni 7,500 kwa kila sakafu kwa mwezi. Kodi ni ya mwenye jengo, kwa hiyo tunza ujumbe wa manunuzi na mkatane kwenye kodi ya pango. Kaa na mwenye nyumba mapema, kabla ya kulipa miezi sita. Ukimdai mwisho wa mwaka atakwambia hakumbuki. Nyumba moja ikiwa na mita tatu na zote zinakatwa, pelekeni namba za mita hizo ofisi ya TRA.

Ile asilimia kumi ya mikopo bado ipo?

Ipo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Si diwani, si kada wa chama, na si yule kijana anayejua mfumo ambaye anaomba "ya soda" akujazie fomu.

Naishi Majengo lakini kwetu ni Kibosho. Kura na sauti yangu ziko wapi?

Unapoishi. Mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni mkazi wa kawaida wa kijiji, si mzaliwa. Kila Desemba magari yanapanda mlimani kutoka Dar es Salaam, harambee zinafanyika, kanisa linapata bati na barabara inapata kifusi. Ni jambo zuri. Lakini mtoa milioni mbili anayekaa Mbezi hana kura kwenye mkutano wa kijiji, na bibi aliyebaki na migomba yake anayo. Tungeheshimu hilo, nusu ya ugomvi wa Krismasi ungekwisha.

Kihamba kinagawanywa na mabinti wameachwa. Kijiji kinaweza kusema nini?

Kingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inasema mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Kile kinachosemwa msibani, kwamba binti ataolewa kwingine na kihamba ni cha mtoto wa kiume, ni mila. Jaji hafungwi nayo. Tunalisema wazi kwa sababu kwenye matanga haya bado linazungumzwa kama Amri ya Kumi na Moja.

Mahali pa kuanzia ni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linapatanisha tu na haliamui tena kesi za ardhi. Likishindwa ndani ya siku 30, mgogoro unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukisikia baraza la kata limetoa "hukumu" ya kihamba mwaka huu, kuna mtu hajasoma sheria mpya. Na mirathi yenyewe, yaani nani msimamizi na nani mrithi, ni ya mahakama.

Jambo jingine la ardhi: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Mwenyekiti na wajumbe wawili waliogongeana muhuri chini ya mti hawajagawa kitu.

Nilishajiandikisha kupiga kura. Kwa nini naambiwa nijiandikishe tena?

Kwa sababu ni madaftari mawili. La kudumu, lenye kadi, ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ni la rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa, kijiji na kitongoji unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na orodha yake inaandikwa upya mtaani kwenu wiki chache kabla ya kura. Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 uandikishaji wake ulikuwa Oktoba, siku kumi tu, na wengi walibaki nje wakiwa na kadi mfukoni.

Naweza kugombea uenyekiti bila chama?

Hapana. Lazima udhaminiwe na chama chenye usajili, na uwe na miaka 21. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo la mgombea binafsi kwa miaka mingi. Alishinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikalikataa mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Sheria haijabadilika. Mwaka 2019 serikali ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu raia kupeleka kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kwa hiyo mahakama iko mwendo wa saa mbili kutoka Moshi, na raia mmoja mmoja wa Moshi hawezi kuingia na kesi mpya.

Mbunge wetu haonekani. Hata kwenye misiba.

Kazi yake ni kutunga sheria, kuisimamia serikali na kuwasemea. Jeneza si kazi yake. Moshi Mjini tulizoeshwa vingine: marehemu Philemon Ndesamburo, mbunge wa CHADEMA kuanzia 2000 hadi 2015, alikuwa na mkono mwepesi kiasi cha kuitwa Ndesa Pesa, na kila aliyemfuata anapimwa kwa rula hiyo. Ukitaka kumpima mbunge, angalia maswali yake bungeni na fedha za mfuko wa jimbo. Mfuko huo ni hela ya umma, una kamati, na matumizi yake yanaulizika. Bati lililotoka huko si zawadi yake.

Baada ya 2024 na Oktoba 2025, kuna maana gani kujisumbua?

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na ni swali la haki. Uchaguzi wa mitaa wa 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku upinzani ukilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wake. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA, chama kilichoshika jimbo la Moshi Mjini kwa miaka ishirini, na mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Yakafuata maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Aliyekata tamaa hana sababu ya kuona aibu.

Ninachoweza kusema ni kidogo. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa naye analazimika kusoma mapato na matumizi. Sheria haijamwondolea, na hakuna mahali inaposema wanaouliza wawe wa chama chake. Tena nimeona wanachama wa CCM ndio wakali zaidi kwenye "vifaa mbalimbali", kwa sababu choo cha shule kikiporomoka hakichagui mtoto wa nani. Hofu ipo, na hatutamwambia mtu aidharau. Nendeni mkiwa kundi, swali liulizwe na mwalimu mstaafu au mama wa kikoba ambaye hakuna anayeweza kumpachika siasa, na mambo ya mkutano yasirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp yakiwa na chumvi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na anayebeba taarifa isiyo ya kweli anajikuta yeye ndiye mtuhumiwa.

Nimeombwa rushwa waziwazi. Nipige simu wapi?

TAKUKURU, 113, bure. Taja ofisi, siku, saa, kiasi na maneno yaliyosemwa. Piga kabla ya kutoa hela.

Mwenyekiti amesafiri wiki mbili na muhuri yuko nao. Nina usaili kesho.

Hii hutokea kuliko inavyopaswa. Muhuri ni mali ya ofisi, haupaswi kupanda basi la Dar es Salaam. Nenda kwa mtendaji wa mtaa. Akikosekana naye, mtendaji wa kata atakuandikia barua akishajiridhisha kuwa ni mkazi. Nenda na kitambulisho cha NIDA au namba yake, picha mbili, na jirani mmoja anayefahamika ofisini. Fika mapema, saa mbili kamili asubuhi, kwa sababu saa nne wanakuwa kwenye kikao.